Bofa Tunapinga kwa Kiingereza

Benchi letu la hapa mtaani Bofa latosha watu wawili tu, na sheria yake ni moja: anayeinuka, hata kwa haja ndogo, kiti kimemtoka. Ndiyo maana Ngowa, tunayemwita Kamusi kwa kuwa aliwahi kufungulia wageni mlango hotelini akaokota Kiingereza, na Okoth, ambaye sisi twamwita Refa, wameganda hapo na kahawa yao tangu alfajiri. Mimi nakaanga mahamri kando, na masikio ninayo. Akaja Jedida wa samaki, simu mkononi. Hoteli yataka kuziba kwa ukuta njia yetu ya kwenda pwani, na leo saa nne kuna kikao kwa chifu. Wakili aliyejitolea kututetea kamwandikia.

— Shikamoo, bibi, akaniamkia, kisha akawageukia wa benchi: Jamani, wakili asema lazima tufanye “push back”. Ndiyo tufanyeje?

— Ni kupinga, akasema Kamusi, lakini kwa adabu. Umepakuliwa pilau, wairudisha sahani polepole: nimeshiba.

— Uongo! Refa huyo. Redioni walisema walimu wame-“push back”, na mawe yalirushwa. Adabu gani?

— Mawe yana neno lake.

— Tena “push” ni kusukuma, “back” ni kurudisha: lazima usukumwe kwanza, ndipo usukume. Ukianza wewe, ni faulo.

— Kwa hivyo Jedida angoje ukuta umguse?

— Umguse kifuani. Mgongoni hauhesabiki.

— Kahawa yote hiyo na akili bado zimelala, nikawaambia.

Jedida hakucheka.

— Njia ikizibwa nitazunguka hadi barabara kuu. Kwa jua hili samaki watafika wamelegea. Nani atanunua?

— Tulia, mwanangu, tumekaribia, akasema Kamusi. Wazungu wana kupinga kwa maandishi, kupinga kwa kununa, hata kupinga wakiwa usingizini. Hili naona ni la...

Tuktuk ikasimama. Dereva, Mutuku, mgeni mtaani, akachungulia.

— Naelekea kwa chifu, leo nabeba bure. Nani anapanda?

Kamusi akatazama ndani ya kikombe. Refa akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Nikatoa kuni motoni, nikafunika mahamri, nikapanda na Jedida. Tuktuk ilipoondoka, Refa akapaza sauti, bado ameketi:

— Bibi! Mwulize wakili maana yake, msije mkapinga vibaya!