Mama Mkwe Kashika Pedi

Benchi hili ni langu. Mimi ndiye fundi viatu wa kona hii, na miguu yake niliigongomea mwenyewe, lakini anayekaa hapa haniombi ruhusa. Wanakuja na vikombe vyao vya kahawa, wanaanza kubishana kabla hawajakaa. Kuna Waya, fundi redio, ambaye kwake kila jambo chini ya jua limeungua fyuzi. Kuna Bima, aliyewahi kuuza bima na hadi leo anaona hatari hata kwenye kijiko. Leo wamemleta Kinyozi, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, uso umemshuka. Dukani kwake kuna gemu ya ngumi yenye pedi mbili za kubonyezea, kaiunganisha kwenye televisheni kuukuu juu ya kioo ili wateja wasichoke kungoja. Sheria ni moja: ukipigwa, unampisha mwenzako. Kinyozi hajawahi kumpisha mtu, hadi jana. Jana kapigwa na mama mkwe wake.

Bima: Hebu rudia polepole. Alifuata nini dukani?

Kinyozi: Aliniletea chakula, mke wangu kabanwa na kazi. Akasimama mlangoni, macho chini, kama kawaida. Tangu nioe ni salamu tu. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Kila mtu na njia yake.

Mimi: Sasa pedi ilimfikaje mkononi?

Kinyozi: Niliyekuwa nacheza naye kapigwa, akanyoosha pedi nyuma bila kutazama. "Shika, zamu yako." Mama akapokea.

Waya: Akapokea!

Kinyozi: Kapewa kwa mkono wa kulia, angekataaje? Kwenye gemu akaangukia mpiganaji mmoja, bibi mwenye fimbo. Akawa anabonyeza vyote kwa pamoja, kama anakanda unga. Nikaenda chini. Nikainuka, nikaenda tena chini.

Mimi: Na wewe ulikuwa unampiga?

Kinyozi: Ndiyo tabu yenyewe, sijui! Kidole kinasema piga, roho inasema huyo ni mkweo. Na leo kanitumia salamu, anakuja tena. Nikimpiga, nimempiga mama mkwe mbele ya wateja. Nikipigwa, jina langu limekwisha mtaani. Nikifunga duka, nimemkimbia. Nifanyeje, ndugu zangu?

Waya: Tatizo ni umeme. Pedi ile vitufe vimelegea, ukigusa kimoja vinaitika vitatu. Haba na haba hujaza kibaba.

Bima: Umeme gani! Huyo anafanya mazoezi. Wajukuu wakilala, yeye yuko kwenye simu.

Kinyozi: Simu yake ni ya tochi.

Bima: Enhe! Tochi ni ya kuzugia.

Waya: Basi ngoja niwaambie. Marehemu mumewe alifanya kazi gani? Mlinzi. Mlinzi ana ngumi. Wamekaa nyumba moja maisha yao yote, ngumi zimehama. Akaaye karibu na waridi hunukia.

Mimi: Ngumi zinanukia?

Waya: Fundi, wewe shona.

Bima: Hamjafika bado. Huo ni mtihani wa ndoa. Anataka kuona, mume wa binti yake akipigwa, atarudisha? Asiporudisha, binti yuko salama.

Waya: Na akirudisha?

Bima: Basi nyumba ina mwanamume wa kuilinda.

Mimi: Yaani akipiga kafaulu, akipigwa kafaulu?

Bima: Mchelea mwana kulia hulia yeye!

Methali hiyo iliingiaje hapo hata sijui, lakini ilisemwa kwa nguvu na Waya akatikisa kichwa kukubali. Mimi hamu yangu ilikuwa kwingine. Nikaweka nyundo chini.

Mimi: Alipokushinda, alisemaje?

Kinyozi: Alicheka.

Mimi: Alicheka tu?

Kinyozi: Fundi, tangu tumzike mzee sijamsikia akicheka. Alicheka mpaka akashika kiti. Akaniambia, "Inuka bwana, umelala?"

Bima: Dharau hiyo.

Nilimwonea Kinyozi huruma, na nikawaonea hasira hawa wawili, maana hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Hapo akatokea mtu anasukuma baiskeli, nywele kanyolewa upande mmoja tu. Simjui, hata sura yake ni ngeni.

Mgeni: Samahani wazee. Kijana msaidizi wa pale kwa kinyozi kaniacha nusu kichwa, anatazama gemu. Sasa kuna mama kaingia, kashika pedi hataki kumpa mtu. Kanituma nimwitie mwanawe. Mwanawe ni nani hapa?

Tukatazamana.

Waya: Huyo mama hana mtoto wa kiume. Kazaa wasichana watupu.

Bima: Labda kakosea duka.

Mgeni: Mimi sijui. Kasema, "Nenda pale benchini, mwambie mwanangu namngoja." Sasa ni yupi?

Kinyozi alikuwa anakitazama kikombe chake. Kisha akakiweka chini kahawa ikiwa bado nusu, akajipangusa macho kwa kiganja, akavuka barabara bila kuangalia magari huku Bima akimpigia kelele za hatari. Hata mlangoni hajafika, tukamsikia anapaza sauti:

— Mama, leo sikuachii!