Fundi Jared Kaingu Menza na Majaketi Yake ya Pamba (1958–2025)

Fundi Jared alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958 huko Kaloleni, mtoto wa tatu wa Mzee Menza na Mama Kadzo. Alisoma hadi darasa la saba. Mwaka 1975 alivuka Makupa, akaingia kisiwani kutafuta kazi.

Cherehani alifundishwa mtaa wa Kuze na Fundi Mzamil, aliyekuja kuwa rafiki yake wa maisha. Kilichompa jina ni majaketi ya masika: kitambaa kizito cha pamba alichokipaka nta ya nyuki na kukianika juani mpaka nta ikazama ndani ya nyuzi. Mahamali, wabeba mizigo wa soko la Marikiti, waliyavaa mvuani wakarudi wakavu. Mwaka 1986 alimwoa Mirriam Sidi, na hadi uzeeni alimtania kwamba posa ilikubaliwa kwa kuwa baba mkwe alitaka jaketi.

Agosti 2019 mwanawe, Ronald, alikwenda kupanda Mlima Kenya na wenzake wa chuo. Marehemu, ambaye hakuwahi kuishi penye baridi, alimshonea jaketi la nta lenye tabaka mbili za bitana ya pamba kwa ndani. Kijana alipokwisha kuondoka, akaenda kulisimulia kwa Fundi Mzamil, aliyefanya kazi kwenye baridi ya Limuru ujanani. Mzee yule aliweka mkasi chini.

"Jared, nta itazuia mvua isiingie, na jasho lisitoke. Pamba ikilowa kule juu haikauki. Mtoto umemvika maji."

Simu ya Ronald ilikuwa imezimwa. Marehemu alichukua jaketi jingine kama lile, akalowesha bitana, akalivaa, akawaomba wauza samaki wamfungie ndani ya chumba chao cha barafu apate kujua. Alitoka baada ya dakika kumi na mbili, vidole haviwezi kufungua vifungo. Siku tatu hakula. Simu ya nyumbani ikilia alitoka nje, ili Mirriam ndiye apokee.

Ronald alirudi. Alishukuru kwa jaketi, na nyumbani hakuna aliyethubutu kuuliza zaidi.

Januari mwaka huu mapafu yalianza kumsumbua. Jumanne tarehe 10 Juni alimwita Ronald kitandani.

"Kule juu, ulidhani utakufa?"

Ronald aliketi ukingoni mwa kitanda. "Ndiyo, baba. Mpaka aliyetuongoza aliponivua lile jaketi, akanivisha sweta lake la sufu."

"Ahsante kwa kunambia."

Alimshika mkono mwanawe, hakuuachia mpaka usingizi ulipomchukua. Alifariki kesho yake alfajiri.

Ameacha mjane wake, Mirriam, binti yake, Dama, mwanawe, Ronald, wajukuu watano, na Fundi Mzamil. Mwenyezi Mungu ampe pumziko lisilo na hofu.