Mama Kokuberwa, Aliyetusindikiza Hadi Langoni

Marehemu Muriel Revelian, ambaye Temeke nzima ilimwita Mama Kokuberwa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1932 katika kijiji cha watu weusi karibu na Halifax, nchini Kanada. Mababu zake walikimbilia huko kutoka utumwani, wakakuta uhuru wenye masharti. Alisoma shule ya watoto weusi peke yao, kisha chuo cha ualimu.

Mwaka 1951 alifiwa na baba yake, mhudumu wa mabehewa ya kulala ya reli. Jeneza lilipofika makaburini, lango likafungwa: humo walizikwa Wazungu tu. Wakarudi naye, wakamzika nyuma ya kanisa lao. Mama yake hakukubali yaishe hivyo. Kila Jumapili yeye, Muriel na majirani walisimama kwenye lango lile, hata theluji ikianguka, wakitukanwa na kutemewa mate, hadi lilipofunguliwa kwa watu wote mwaka 1958.

Mwaka 1961 alifunga ndoa hukohuko na kaka yetu Revelian, aliyekuwa masomoni. Walipotafuta pa kupanga, kila nyumba ilikuwa imejaa ghafla, mara tu wenye nyumba walipoziona nyuso zao. Mwaka 1964 wakaja Temeke. Alifundisha shule ya msingi, na jioni kisomo cha watu wazima. Wengi mliopo hapa mlijifunza kwake kuandika majina yenu.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Jirani yetu Mzee Mwishehe alipofariki mwaka 1967, Mama Kokuberwa alifuata jeneza pamoja na wanaume. Mzee Kondo, jirani mwingine, akamsimamisha.

"Mama, kwetu wanawake hawaendi makaburini."

"Mie siingii, baba. Nataka tu nione wamemruhusu."

Watu wakacheka, mpaka Revelian alipowaeleza. Tangu hapo, kwa kila msiba wa mtaani, wa Mwislamu au wa Mkristo, alisimama langoni hadi maiti apite, ndipo akarudi kupika na akina mama wenzake.

Ugonjwa wa figo ulimwanza mwaka 1976. Kufa hakukumtisha, lango ndilo lililomtisha. "Mie mgeni hapa," alimwambia mumewe. "Watanipokea?" Inatuuma kwamba miaka yote aliyoishi nasi haikumwondolea hofu hiyo. Alifariki tarehe 14 Juni 1978.

Ameacha mume, binti yake Kokuberwa, mwanawe Gregori, na mama mzazi huko Kanada, ambaye hakuweza kuja kumzika.

Mzee Kondo, Mwislamu, ameomba leo asimame yeye kwenye lango la makaburi ya Wakristo. "Mwambieni Mama liko wazi," amesema, "na mie nimelishika."

Pita, Mama Kokuberwa. Upumzike kwa amani.