Nzisa wa Mumbuni, Mama wa Matembezi (1936–2007)

Ndugu waombolezaji, majirani wa Mumbuni, kina mama wa Marikiti na wageni wote mliotoka mbali, leo Jumamosi tarehe 28 Julai 2007 tunamsindikiza Nzisa Ndunda. Wazee wa ukoo walipendekeza wasifu huu uandikwe na shemeji yake, Bwana Levi, ambaye tayari alikuwa na sentensi moja aliyotaka iingie: "Marehemu hakujaliwa watoto." Lakini marehemu alikuwa ameacha neno kwamba uandikwe na Kavata, aliyeishi naye miaka ishirini na minane. Umeandikwa na Kavata. Bwana Levi yuko hapa, amepewa kiti cha mbele, na atausikia pamoja nasi.

Nzisa alizaliwa kwenye mteremko wa vilima vya Iveti, binti wa tatu wa marehemu Mzee Munyao na marehemu Syombua. Kitambulisho chake kinasema tarehe 11 Aprili 1936, na tarehe hiyo aliichagua mwenyewe. Siku kina mama walipokwenda kuandikishwa, karani alikuwa anawapa wote tarehe mosi Januari, kama sare ya shule. Nzisa alikataa kuivaa.

"Mama, si ni namba tu?" karani alimwambia.

"Mama yangu alisema nilimkatizia palizi. Wewe umeona nani akipalilia Januari?"

Karani akaandika Aprili. Wanawake waliokuwa nyuma yake kwenye foleni nao wakaanza kukumbuka walivyozaliwa, huyu wakati wa mavuno, yule wakati wa kupanda, na kazi ya siku hiyo haikuisha.

Shuleni hakuketi. Shule ya kijijini kwao ilipojengwa, yeye na wasichana wenzake walibeba mawe, wakabeba na maji ya kukorogea udongo. Kuta zilipokamilika, kaka zake waliingia ndani, naye akarudishwa mtoni na mtungi. "Hiyo shule niliijua kabla haijapata mlango," alikuwa akisema. Mwaka wa 1981 aliingia darasa la gumbaru, la kuwafundisha watu wazima kusoma, akiwa na miaka arobaini na mitano, akaketi benchi moja na Kavata. Kavata alishika herufi upesi, na Nzisa alimnakili bila haya. Mwalimu alipomkemea, alijibu, "Mwalimu, mimi sifanyi mtihani. Mimi niko na njaa."

Kazi aliianza akiwa msichana, katika mwethya, yale makundi ya wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu. Matuta mnayoyaona juu ya Mumbuni, yanayozuia udongo wetu usiende na mvua, yalichimbwa na mikono ya akina Nzisa. Alisuka vyondo. Kuanzia mwaka wa 1975 alikuwa na meza ya mboga Marikiti, na hapo ndipo mji ulipomjua.

Aliolewa mwaka wa 1957 na Erastus Ndunda, dereva wa lori la mawe huko Lukenya. Waliishi vizuri, lakini mtoto hakuja. Mwaka wa 1974 lori lilipinduka, Ndunda akafa, na Nzisa akabaki mjane mwenye shamba zuri na nyumba kimya. Kwa mila yetu Wakamba, nyumba isiyo na mtoto hufungwa na shamba hurudi kwa ndugu za mume. Ila mila hiyo hiyo iliacha mlango wa nyuma. Mwanamke asiye na mtoto anaweza kumwoa mwanamke mwenzake. Atapeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga ndoa, kama mume yeyote, na watoto ambao mke huyo atazaa, baba awe nani, watakuwa wa nyumba yake. Mke wa namna hiyo huitwa iweto. Mwezi wa Agosti 1979 Nzisa alimwoa Kavata, aliyekuwa na miaka kumi na tisa. Nyumba hiyo ikapata Kanini, kisha Ndunda aliyerithi jina la mwenye boma, kisha Mutheu. Wote walimwita Nzisa "mwaitu", yaani mama, na Kavata naye alimwita hivyo.

Bwana Levi aliwaita vingine. Kwake yeye Kavata alikuwa msichana wa kazi, na wale watoto walikuwa wa barabarani. Aliyasema hayo kisimani, kanisani na kwenye mikutano ya ukoo, na watu wengi walioko hapa leo walimsikia wakanyamaza.

Sasa tufike kwenye jambo lililowaleta wageni wa mbali. Mwaka wa 1998, kwenye sherehe moja ya mji, mzee fulani alisoma historia ya Machakos, kuanzia mzee Masaku mwenyewe, aliyeupa mji jina, hadi madiwani wa siku hizo. Nzisa alikuwa amesimama nyuma na rafiki zake wawili, Wamucii, mwuza viazi aliyetoka Murang'a, na Ngina, mkunga mstaafu wa mtaa wa Mjini.

"Kwani huu mji ulizaliwa na wanaume peke yao?" Wamucii aliuliza.

"Kama ni hivyo," Ngina akamjibu, "hiyo siku mimi sikuitwa."

Walicheka mpaka wakaambiwa watoke. Walitoka, na huko nje wakakubaliana kuutembea mji kwa miguu, mahali kwa mahali, na kila mahali mwanamke asimame aseme kilichotendeka pale. Wakayaita Matembezi ya Historia ya Wanawake. Nzisa aliongeza sharti moja tu: "Hadithi inatolewa na mwenyewe. Kama amekufa, inatolewa na yule aliachiwa. Hakuna kuokota."

Walipokwenda polisi kutoa habari, afisa mmoja aliwakazia macho. "Nyinyi kina mama mnafuata nyayo za nani?" Siku hizo jibu la swali hilo lilijulikana na kila mtu: nyayo zilikuwa za Rais.

"Za mama zetu, afande," Nzisa alisema. "Na wako yumo. Sukuma wiki iliyokulea alinunua kwangu."

Afisa akawapigia muhuri.

Matembezi ya kwanza yalifanyika Jumamosi tarehe 6 Machi 1999. Yalikuwa yametangazwa makanisani, na watu waliposikia kina mama wanakusanyika walidhani ni harambee. Wakaja na kuku, vibuyu na mafungu ya ndizi ya kunadiwa. Ngina alitaka kuwarudisha nyumbani. Nzisa akasema, "Waache, hata kuku ni mama." Basi watu wakatembea mji mzima na kuku kwapani.

Lakini kule Marikiti kuku wenyewe ni kama walinyamaza. Wamucii alisimama akaonyesha mahali ambapo wanawake waliketi juu ya magunia yao, siku askari wa baraza la mji walipokuja kuwafukuza, wakakaa hivyo mpaka mvua ikanyesha na askari wakachoka wao. Kule Mjini Ngina alionyesha sakafu ya baraza yake, akawataja kwa majina wanawake waliojifungulia hapo kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Mwanamume mmoja aliyepita mbele ya baraza ile kila siku ya maisha yake alivua kofia. Alikuwa amesikia jina la mama yake.

Mahali pa nne palikuwa mbele ya duka la vipuri karibu na stendi ya mabasi. Zamani hapo palikuwa na kibanda cha chai. Nzisa alisimama, watu wakamzunguka wakingoja. Akasema, "Hapa kuna hadithi. Mwenyewe hajaitoa." Akaendelea kutembea.

Alifanya hivyo mwaka wa 1999, wa 2000, wa 2001 na wa 2002. Kila mwaka alisimama pale, akasema maneno yale yale, akapita. Kila mwaka, kabla ya matembezi, alimwuliza Kavata jikoni kama mwaka huu angeitoa, na Kavata alisema hapana. Nzisa alisema, "Sawa," akachukua kiondo chake akaenda.

Na tuelewane alichokuwa anaweka rehani. Katika mwaka wa 2000 Bwana Levi alipeleka neno kwa wazee wa ukoo ili shamba lirudi kwake, akisema hakukuwa na ndoa, kulikuwa na mfanyakazi. Ngina alimsihi Nzisa. "Wewe simama tu pale stendi useme huyu nilimwoa. Mji wote utakuwa shahidi, na Levi atafunga mdomo. Unangoja nini?"

"Hadithi si yangu peke yangu."

"Na shamba likienda?"

"Liende. Huyo msichana nilimchukua mara moja bila kumwuliza. Sitamchukua mara ya pili."

Aliyasema hayo mlangoni, akidhani Kavata yuko shambani. Kavata alikuwa ndani anachambua maharagwe. Hakuwa amewahi kusikia mtu yeyote, mume wala mzazi wala mchungaji, akikubali kupoteza kitu kwa ajili ya ruhusa yake.

Jumamosi tarehe 8 Machi 2003 Kavata alifunga leso yake akawafuata. Walipofika mbele ya duka la vipuri, Nzisa alipofungua kinywa kusema yale maneno yake, Kavata alipita katikati ya watu akasimama mbele yake.

Alisema hivi. Mwaka wa 1979 baba yake alimleta mjini na mfuko wa nguo. Alimpa mandazi, akamwambia angoje nje ya kibanda. Ndani baba alikunywa chai na mwanamke mmoja. Alipotoka alisema, "Huyu ndiye mama yako sasa," akaondoka bila kugeuka. Kavata akajua ameandikwa kazi ya nyumba. Alifagia, alipika, alichota maji kwa bidii ili asifukuzwe. Mwezi ulipoisha aliomba mshahara wake. Yule mwanamke alicheka, halafu akaacha kucheka, akamwuliza, "Kwani hukuambiwa?" Mbuzi walikuwa wamekwisha kufika kwao, na baba yake alikuwa amekwisha kuwala.

"Mimi sikuulizwa," Kavata alisema. "Baba hakuniuliza. Huyu hapa naye hakuniuliza. Mnamshangilia kila mwaka, na hamjui."

Kijana wa duka la vipuri aliacha kupanga bidhaa. Wamucii alitaka kusema neno la kutuliza, na Nzisa akamzuia kwa mkono. Nzisa hakusema kwamba zamani mambo yalikuwa hivyo. Hakusema alikuwa mjane aliyebanwa na shemeji, ingawa ni kweli. Mwanamke wa miaka sitini na sita, mbele ya mji aliouza mboga ndani yake maisha yote, alivua kitambaa chake cha kichwa.

"Ni kweli," alisema. "Sikukuuliza. Ulikuwa na mdomo na mimi niliongea na baba yako." Kisha akasema, "Nakuuliza leo. Kavata, utakubali kuwa wa nyumba yangu? Ukikataa, watoto ni wako, nusu ya shamba ni yako, na mtu asikufuate."

Kavata hakujibu. Alirudi nyumbani, akainjika isyo ya mahindi na maharagwe, na jioni wote wakala. Nzisa hakuuliza tena, siku hiyo wala siku nyingine.

Mwaka uliofuata wazee wa ukoo walikaa kuamua habari ya shamba. Wanawake wa matembezi walikuja, wa Mjini, wa Marikiti, hata wengine wasiojua Kikamba, wakajaza ua. Kila mmoja alisema alichosikia kwa masikio yake pale stendi: mbuzi walitoka, mbuzi walipokelewa. Wazee wakasema nyumba ya Ndunda ina watoto. Bwana Levi hakukanyaga tena kwenye boma hilo mpaka jeneza lilipoingia.

Kuanzia mwaka wa 2005 ugonjwa wa sukari ulimsumbua, na mwaka uliofuata akakatwa mguu wa kushoto. Tulidhani matembezi yamemwishia. Mwezi wa Machi mwaka huu Wamucii alileta mkokoteni wake wa viazi, akautandika blanketi.

"Leo naenda kama gunia," Nzisa alisema akipandishwa.

"Gunia halina maneno mengi hivi," Wamucii akamjibu, akaanza kusukuma.

Walizunguka mji mzima. Kwenye mlima wa kwenda Mjini wanaume walitaka kusaidia kusukuma, na Nzisa akawaruhusu, akisema historia yao nao itahitaji kazi.

Siku zake za mwisho alimwita Kavata kitandani. "Yangu utaandika wewe. Ukiandika nilikuwa mwajiri wako, ni haki yako. Ukiandika lingine, ni haki yako. Mimi sitakuwako kukunakili." Alifariki nyumbani kwake Mumbuni, alasiri ya Alhamisi tarehe 19 Julai 2007.

Kavata hajasamehe yote, na wasifu huu haukuandikwa ili mdhani amesamehe. Baba yake alikufa bila kumwomba radhi. Waliomwita msichana wa kazi wamekula chakula cha matanga haya na hawajasema neno. Kati ya wote waliowahi kuamua maisha yake, ni mmoja tu aliyerudi kuuliza. Aliuliza akiwa amechelewa, mbele ya watu, akijua angeweza kukataliwa, na akakaa miaka minne akingoja bila kudai jibu.

Marehemu ameacha watoto watatu, Kanini, Ndunda na Mutheu, pamoja na wajukuu. Ameacha shemeji, Bwana Levi. Ameacha rafiki zake Wamucii na Ngina, na wanawake wote wa matembezi. Ameacha mke, Kavata, ambaye aliulizwa mwaka wa 2003, na anajibu leo mbele yenu: nimekubali, mwaitu.

Apumzike kwa amani nyumbani kwake.