Friza ya Kijiko: Maisha ya Fundi Baridi, 1955–2025

Wengi mliokuja leo mna friji nyumbani ambayo marehemu aliwahi kuifungua, kwa hiyo mnamjua. Mimi ni binti yake, kitinda mimba, na ndiye niliyepewa kazi ya kusoma. Kuna sehemu moja haimo kwenye ratiba mlizoshika. Baba mdogo alinisihi niitoe, nikaitoa kwenye karatasi. Lakini nitaisoma, anisamehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Agosti 1955, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi viatu, katika chumba kimoja nyuma ya stendi ya malori. Jina la Baridi alilipata kazini, si kwa tabia. Kwa tabia alikuwa moto. Mteja akimwambia, "Fundi, hapo gesi tu imeisha," marehemu alikuwa anamkabidhi bisibisi na kumwambia, "Haya, endelea, mimi nitazame." Wengine wenu mnacheka kwa sababu yaliwakuta.

Alisoma hadi darasa la nane, akamaliza Desemba 1970. Ada ya kuendelea haikuwepo. Januari 1971 aliajiriwa kubeba mapande ya barafu kiwandani, na fundi mkuu wa pale akagundua kwamba kijana huyu anaweza kusimama nje ya mlango na kusema ni mashine ipi itakufa wiki ijayo. Akafundishwa kazi. Mwaka 1983 alifungua karakana yake mwenyewe, ile ile ambayo bado ipo, yenye mlango wa bati la buluu.

Tarehe 11 Desemba 1982 alifunga ndoa na mama yetu. Mama alikuwa akiuza katika duka la dawa, na friji ya dawa iliharibika. Marehemu aliitengeneza mara tatu. Mama anasema mara ya tatu haikuwa na ubovu wowote. Walijaliwa watoto watatu: kaka yangu, ambaye ni dereva wa lori, mwaka 1985, dada yangu, tarehe 2 Mei 1989, na mimi, Machi 1992.

Dada yangu aliitwa Kijiko, kwa sababu tangu alipoanza kutembea hakukubali kulala bila kijiko mkononi. Mwisho wa mwaka 1993 Mama alikuwa anamwogesha akahisi kitu kigumu tumboni, upande wa kushoto. Akapewa dawa ya minyoo. Akapewa dawa ya malaria. Wengine wakasema ni wengu. Miezi mitano ikapotea hivyo, na walipofika hospitali kubwa wakaambiwa ni saratani ya figo, na imeshatambaa. Kijiko alifariki Alhamisi, tarehe 9 Juni 1994, akiwa na miaka mitano, mwezi mmoja na wiki moja.

Siku hiyohiyo daktari mmoja wa maabara, mama kijana wakati huo, aliwaomba wazazi wetu ruhusa ya kuhifadhi kipande cha ule uvimbe, ili wachunguze kwa nini saratani ya watoto inakuja na kwa nini dawa nyingine zinashindwa. Mama alimwambia, "Mmeshindwa kumponya akiwa mzima, sasa mnataka kipande?" Marehemu aliuliza swali moja tu: "Kitakaa wapi?"

Akaonyeshwa friza. Mpira wa mlango ulikuwa umechanika, na mlango wenyewe umebanwa kwa plasta ya kufungia vidonda. Siku iliyofuata mazishi, wageni wa msiba wakiwa bado wamekaa, marehemu alichukua sanduku lake la vifaa akaenda kubadilisha ule mpira. Alipomaliza alibana karatasi kwenye mlango, akaivuta, haikutoka: mpira unashika. Ndipo alipotia sahihi.

Kuanzia hapo alisimamisha nje ya karakana mlango wa friji mbovu, akaandika kwa rangi nyekundu: FRIJI YA KUMI NI YA KIJIKO. Malipo ya ufundi ya kila friji ya kumi yalikwenda kwenye utafiti wa saratani ya watoto. Wateja walizoea kuuliza, "Fundi, mimi wa ngapi?" Naye anajibu, "Wa tisa. Ungechelewa kidogo tu." Wenye mabucha na wenye baa wakaona aibu kuangalia tu, wakaanza kuchangia. Mfuko huo umenunua friza mbili mpya, jenereta na darubini, na umemsomesha mtafiti mmoja ambaye yupo hapa leo. Daktari aliniomba niseme ukweli wote: tiba ya uhakika kwa kila mtoto ambaye saratani hiyo imeshatambaa bado hawajaipata. Wanachojua leo ni dawa ipi wasimpe mtoto wa aina gani. Na kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka thelathini, marehemu alikwenda mwenyewe na karatasi yake kupima milango.

Hayo ndiyo mliyoyaona ninyi. Nyumbani ilikuwa hivi: tulilelewa pamoja na mtoto aliyekufa. Kaka alicheza fainali ya shule, Baba yuko kwenye friza. Mimi nililazwa siku nne, Baba alikuja siku mbili. Tukilalamika alisema, "Ninyi mpo." Nilimpenda baba yangu, na nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa namwonea wivu marehemu wa miaka mitano. Sina namna nzuri ya kulisema hilo.

Sasa ile sehemu.

Ijumaa, tarehe 20 Novemba 2009, yalikuwa mahafali yangu ya sekondari, saa tisa alasiri. Marehemu aliahidi kuja. Asubuhi alikwenda kutengeneza chumba cha baridi cha bucha, akaacha simu yake karakana inachaji, nami nikiwa pale. Saa nne simu ikaita. Alikuwa mlinzi wa maabara. Daktari yuko safarini, kengele ya friza inalia, afanyeje? Nikamwambia, "Nitamwambia akirudi." Nikakata simu. Nilijua nikimwambia, kiti chake kitakuwa kitupu kama siku zote. Nikaifuta ile namba, na simu nikaizima.

Baba alikuja kwenye mahafali. Alivaa koti lake moja, akakaa mstari wa mbele, akapiga makofi mpaka mwisho. Akanipa zawadi ya simu, ya kwanza maishani mwangu. Ndiyo siku pekee niliyokuwa naye peke yangu.

Jumamosi asubuhi alikuta friza imekufa na kila kitu kimeyeyuka. Vilikuwa vipande vya watoto thelathini na wanne, na cha Kijiko kimojawapo. Kazi ya daktari ikarudi mwanzo. Marehemu aliwaita wazazi wa watoto wale, akawaambia kosa ni lake, alikosea kurekebisha kidhibiti joto. Mzazi mmoja alimtukana mbele yetu, naye akainamisha kichwa. Mama alisema mumewe amemzika mtoto mara mbili. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nikanyamaza, na nimenyamaza miaka kumi na mitano. Januari 2010 niliingia karakana kujifunza kazi. Watu walinisifu kwamba nampenda baba yangu. Nilikuwa nalipa.

Mwezi Agosti mwaka jana marehemu alianza kuvimba miguu. Madaktari walisema moyo umetanuka. Hakuwa mgonjwa mtulivu, siku ya pili wodini aliinuka akapima mlango wa friji ya wauguzi, akamwambia muuguzi mkuu, "Mama, hapa mnagandisha hewa." Jumapili iliyopita, tukiwa wawili tu, aliniuliza, "Zile friza utazichukua?" Nikasema, "Baba, pona kwanza, tutaongea." Jumatatu akauliza tena. Nikajifanya natafuta chupa ya maji. Ningesemaje ndiyo, mimi? Alifariki Alhamisi, tarehe 13 Februari 2025, saa moja asubuhi, bila jibu langu.

Jana nilimweleza Mama yote. Alitoka kuanika nguo, akarudi akaniambia nile. Kisha nikaenda kwa daktari, ambaye sasa ana mvi, nikamweleza yeye pia. Akasema, "Alijua, mwanangu. Niliporudi Jumamosi ile, mlinzi aliniambia simu ilipokewa na msichana. Nilimwambia baba yako siku ileile."

Nikamuuliza, "Akasemaje?"

"Alikaa juu ya ndoo. Kisha akaomba kalamu."

Akanipeleka kwenye mlango wa friza. Pale pamebandikwa karatasi ya namba za kupiga kukiwa na hatari. Ya kwanza ni ya Baba. Ya pili ni ya simu aliyoninunulia kwa ajili ya mahafali, kwa mwandiko wake, na tarehe pembeni: 21 Novemba 2009. Daktari alisema alimuuliza kama ana uhakika. Baba akajibu, "Huyu hatakata simu tena. Mimi ndiye niliyekosa mambo yake mengi." Akamwomba asinihoji kamwe. Miaka yote hiyo alinisubiri niseme mwenyewe.

Wazazi wa wale watoto thelathini na wanne, kama mpo hapa, kosa halikuwa la baba yangu. Lilikuwa langu. Naomba mnisamehe, na mkishindwa nitaelewa.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne, wadogo zake wawili, na friza tatu.

Leo ni Jumamosi. Mlioniuliza asubuhi nimepotelea wapi, nilikuwa maabara na sanduku lake la vifaa. Nilibana karatasi kwenye mlango wa kwanza, nikaivuta, haikutoka. Wa pili, haikutoka. Wa tatu mpira umeanza kulegea upande wa chini, nitaubadilisha Jumatatu.

Baba, jibu ni ndiyo. Pumzika sasa kwa amani, wewe na Kijiko. Jumamosi ijayo nakwenda mimi.