Ninaye, Ninaye, Sina

DELBERT: Haloo? Nani mwenzangu?

ORRIN: Mtu wa Duluth. Bahatisha.

DELBERT: Kama unauza bima, nina miaka sabini na mitatu, umechelewa.

ORRIN: Ni Orrin, we mzee. Orrin Halvorsen.

DELBERT: Orrin wa mtaa wa reli?

ORRIN: Huyo huyo. Namba nimepewa na mwanao. Kaniambia uko Hibbing, kwenye nyumba ya wazee, tangu uvunjike nyonga.

DELBERT: Nipo, nipo. Orrin, nilisikia habari za Marlys. Nilitaka kukupigia, bwana. Nilishika simu, nikai—

ORRIN: Najua, Delbert.

DELBERT: Mke mwema yule.

ORRIN: Ndiyo. (laini inakwaruza) Unanisikia? Nimekupigia kwa jambo la kijinga.

DELBERT: Ya kijinga ndiyo ninayoyataka. Ya maana naambiwa na madaktari kutwa.

ORRIN: Nilikuwa natoa nguo zake, kule chumba cha chini. Nyuma ya masweta nikakuta boksi la viatu. Kadi zangu za besiboli, zile zenye picha za wachezaji.

DELBERT: Acha.

ORRIN: Zote. Kumbe yeye alizitunza, mimi nilidhani zilishatupwa zamani. Mpaka leo zinanukia ile chingamu zilizouzwa nayo. Nimekaa sakafuni hadi miguu ikafa ganzi, nacheka peke yangu. Nikageuka nimwonyeshe mtu— Basi. Ndipo nikakukumbuka wewe.

DELBERT: Taja.

ORRIN: Nini?

DELBERT: Taja majina, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye ngazi za kwenu. Wewe taja, mimi najibu.

ORRIN: Kwani zako bado unazo?

DELBERT: Taja, bwana.

ORRIN: Haya. Buck Torrance.

DELBERT: Ninaye.

ORRIN: Gus Lindell.

DELBERT: Ninaye. Kofia imemwenda upande, utadhani katoka kukorofishana na mkewe.

ORRIN: (anacheka) Huyo huyo. Eddie Sarkowski.

DELBERT: Sina. Ulininyima, mchoyo wewe. Nilikupa watatu kwa huyo mmoja ukakataa.

ORRIN: Na nilikuwa na kadi zake mbili.

DELBERT: Nilijua. Nilijua siku ile ile. Endelea.

ORRIN: Ray Prentiss, yule mrushaji wa mkono wa kushoto.

DELBERT: Ninaye. Ana makengeza.

ORRIN: Afadhali. Wa kwangu karatasi ya nyuma imebanduka, maandishi hayasomeki. Hebu mgeuze wako unisomee alizaliwa wapi. Tulikuwa tunabishana, unakumbuka? Mimi nasema Iowa.

DELBERT: Iowa, ndiyo.

ORRIN: Soma, usiseme tu.

DELBERT: Laini inakwaruza, siku—

ORRIN: Mimi nakusikia vizuri. Mgeuze.

DELBERT: Ngoja nitafute miwani.

ORRIN: Delbert?

DELBERT: Sina, Orrin. Sina hata mmoja. Nyumba ilipouzwa wanangu walikodi gari la taka, mimi niko hospitali na mguu juu. Niliporudi kuuliza, kadi zilishakwenda.

ORRIN: Lakini umenitajia kofia ya Lindell.

DELBERT: Wako kichwani. Huko hakuna wa kuwazoa.

ORRIN: Si ungeniambia tu.

DELBERT: Ningekuambia, ungesema pole, tungeulizana theluji imefika wapi, ungekata. Tangu Krismasi simu hii hailii ila wanaponikumbusha miadi ya meno. Na meno yenyewe si yangu. Nina upweke, Orrin. Nimechoka kuuficha.

ORRIN: Hata mimi.

DELBERT: Kwako kuna nyumba, angalau.

ORRIN: Nyumba ndiyo mbaya zaidi. Nikiwasha redio jikoni, naizima, naona kama nimefanya utovu wa adabu. Leo ndiyo mara ya kwanza nimecheka humu ndani tangu tumzike. Kwa sababu ya picha ya mtu mwenye makengeza.

DELBERT: (anacheka, anakohoa) Prentiss hakuwa mchezaji wa maana hata kidogo.

ORRIN: Hata kidogo. Alikuwa hovyo kabisa, bwana, na mimi nimemwangalia nusu saa nzima.

DELBERT: Subiri— (sauti mbali na simu) Nakuja, dada, nakuja. (anarudi) Wananiita mezani. Leo Ijumaa, siku ya samaki.

ORRIN: Sikiliza kabla hujaenda. Alhamisi nakuja huko.

DELBERT: Barabara ina barafu.

ORRIN: Barafu nimezaliwa nayo. Nakuja na boksi zima, tunamwaga mezani, tunagawana zote siku hiyo hiyo—

DELBERT: Hapana. Usilete zima.

ORRIN: Kwa nini tena?

DELBERT: Lete chache. Kumi hivi. Nyingine utakuja nazo siku nyingine.

ORRIN: (anafunua boksi, kadi zinachakarika)

DELBERT: Haloo? Umekatika?

ORRIN: Nipo. Boksi limejaa pomoni, Delbert.

DELBERT: Basi lete tano. Kwaheri, kwaheri, samaki anapoa.