Veronika Mokami na Makaburi Sitini na Matatu ya Gorong'a

Marehemu Veronika Mokami alizaliwa Itiryo tarehe 14 Juni 1979, mtoto wa pili wa Mzee Simioni Mseti. Alimaliza darasa la saba mwaka 1994. Mwaka 2001 baba aliuza ng'ombe wawili ili Mokami akasome kompyuta Mwanza. Waliomcheka baba yetu wakisema ng'ombe wa binti huingia kwa mahari, hawatoki, wengine wapo hapa leo. Karibuni.

Mwaka 2003 alifunga ndoa na Erasto Gati wa Gorong'a, akafungua steshenari Nkende. Kompyuta yake ilitumia mfumo wa Linux, si Windows kama za wengi. Alisema virusi wa flashi za wateja hawaiwezi.

Mwaka 2011, dhahabu ilipopamba moto, kampuni moja ilitaka kuchimba kwenye shamba la ukoo wa mume wake, hili tulilosimama, ikidai ni tupu. Mokami alipiga picha makaburi yote sitini na matatu yaliyomo, akaandaa orodha: jina, tarehe ya kifo, na njia ya kufikia kila picha ndani ya kompyuta. Kompyuta ya ofisi ya kampuni ilikuwa ya Windows. Afisa wao alibonyeza, hakuna picha iliyofunguka.

"Mama, hapa hakuna makaburi," akasema.

"Yapo. Kompyuta yako ndiyo haijaelekezwa njia."

Alipewa siku moja. Njia za Linux zilianzia /home, mikwaju, vile vistari vya kutenganisha majina, ikiinamia mbele; Windows ilitaka herufi ya diski, D:, na mikwaju iinamie nyuma. Aliandika programu fupi ya kuzigeuza. Mara ya kwanza iligeuza mikwaju yote, hata ya kwenye tarehe za vifo, orodha nzima ikaharibika. Alilia, mimi mdogo wake nilimwona. Kisha akaanza upya, akagusa safu ya njia peke yake.

Kesho yake alifungua picha moja moja, akisoma majina kwa sauti. Kwenye la kumi afisa akasema inatosha.

"Hawa wengine nao walikufa," Mokami akajibu, akaendelea mpaka la mwisho, la mama mkwe wake Robi. Kampuni ilihamisha uzio.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alikuwa akisafishwa damu Mwanza na kurudi dukani, na ole wako umwambie apumzike. Alifariki tarehe 9 Machi 2024.

Ameacha mume na watoto watatu: Regina, Robi na Gati.

Nasikia wapo wanaosema tena kwamba eneo hili ni tupu. Leo orodha ya Mokami inaongezeka jina moja, lake mwenyewe. Regina ameshaliandika kwa njia zote mbili, ya Linux na ya Windows. Apumzike kwa amani, na apumzike hapa hapa.